Ua la mayi: zuri pa lopango, hatari mu mto

Baba na mama wa kambi, leo tunazungumza juu ya ua moja ambalo watu wanalipenda sana: jacinthe d'eau. Wenzetu wa Afrika ya Mashariki wanaliita gugu-maji. Si ile jacinthe ya Ulaya, inayotoka katika kitunguu na kuhitaji baridi ya majuma mengi mbele ya kuchanua. Hili lilitoka Amerika ya Kusini, upande wa Amazon. Linaelea juu ya mayi, vikonyo vyake vimevimba sababu ndani mna hewa, na ua ni la zambarau lenye alama ya njano.

Kulichunga si kazi nguvu. Kata pipa nusu, tia mayi, weka fasi ya jua. Udongo si lazima. Mavi ya kuku yaliyooza, kidogo tu, yanatosha. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inaweza kuunguza majani, uyafunike. Tia na samaki wadogo ili wakule watoto wa mbu, sivyo utafuga malaria pa mlango wako.

Taabu ni hii: linazaa upesi. Pahali pa joto, miche 10 inaweza kuwa 20 kwa majuma mawili tu. Mbegu zinalala mu potopoto miaka 15 na zaidi, kiisha zinaota. Miaka ya 1950 lilienea mu mto Kongo, hata masua yalikwama. Wasemaji wa Lingala wakaliita «Kongo ya sika». Kwenye ziwa Victoria, wavuvi wa Kisumu walishindwa kutoa mitumbwi.

Juu ya nini linatuhusu? Fuata njia ya mayi. Mayi ya Lubumbashi yanashuka mu Kafubu, Kafubu inaingia mu Luapula, Luapula inafika ziwa Moero. Ni kwenye njia hiyo wanavuliwa samaki wa Kasenga tunaokula na bukari. Ninyi wa Kolwezi, yenu yanakwenda Lualaba. Gugu likifunika mayi, hewa inapungua chini, samaki wanakufa.

Jambo la pili: mizizi yake inavuta shaba, kobalti na madini mengine yaliyo mu mayi. Kama limeota karibu na mayi ya kiwanda, hapana kulipa mbuzi, hapana kulitia mbolea pa lengalenga ao sombe. Vumbi ambalo baba analiosha mikononi akitoka kazi, mutoto asilikute mu sahani.

Basi, kila juma tunapashwa kupunguza. Miche iliyozidi ianike fasi kavu, mbali na mfereji, ikauke kabisa, kiisha ichome. Mbele ya mvua kubwa, punguza mayi ili pipa lisifurike. Na kama hauna bado ua hili, jirani akikupa mche, umushukuru, lakini uuache kwake.