Ndege ya kujiundia: Mpangilio mapema, mitambo mwisho

WENGI wa wasomaji wa ukurasa huu hununua na kuuza bidhaa za kila siku: mchele, mabati, vitenge, hisa chache za benki. Wiki hii tunaangalia bidhaa ambayo ni wachache watakaoinunua, lakini hesabu yake inamhusu kila mwenye mtaji mdogo. Bidhaa hiyo ni vifaa vya chumba cha rubani katika ndege ndogo inayoundwa nyumbani.

Nchini Marekani sheria inamruhusu mtu wa kawaida kuunda ndege yake katika banda la gari, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaounda kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Ndege hiyo hupewa cheti cha ndege ya majaribio. Neno hilo huandikwa karibu na mlango kwa herufi zenye urefu wa inchi 2 hadi 6, na ndani hubandikwa tangazo la kumwonya abiria kwamba chombo hakikufuata masharti ya usalama ya ndege za kawaida. Aidha, hairuhusiwi kubeba watu wala mizigo kwa malipo. Kwa hiyo mnunuzi aelewe tangu mwanzo kwamba hiki si kitega uchumi. Ni matumizi, na matumizi yanataka hesabu kali zaidi kwa sababu hakuna mapato ya kufidia makosa.

Soko lilivyo

Waundaji wengi hununua seti ya vipande kutoka kiwandani. Kampuni inayojulikana zaidi ni Van's Aircraft ya Aurora, jimbo la Oregon, ambayo zaidi ya ndege 11,000 za aina yake ya RV zimekwisha kuruka. Seti huuzwa kwa mafungu: mkia, mabawa, bodi, kisha vifaa vya kumalizia. Injini, propela na vifaa vya dashibodi ni gharama za pembeni. Dashibodi yenye skrini mbili, redio na mtambo wa kujiendesha inaweza kumeza makumi ya maelfu ya dola.

Kwa kuwa kazi hufanyika jioni na siku za mapumziko, ndege moja huchukua miaka kadhaa. Hapo ndipo tatizo la mtaji linapoanza. Mkia haujakamilika, lakini mwenye ndege ameona skrini inayong'aa katika maonyesho ya Oshkosh, Wisconsin, ambayo hufanyika kila Julai, naye anainunua palepale.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu ananunua mitambo ya dola 10,000 leo, na ndege yake itakuwa tayari baada ya miaka mitatu. Kama fedha hiyo ingeweza kumpatia asilimia 10 kwa mwaka mahali pengine, amepoteza dola 3,000 kabla hajawasha swichi hata moja. Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni dhamana, ambayo mara nyingi huhesabiwa tangu siku ya mauzo au muda mfupi baadaye. Ndege mpya kwa kawaida hutakiwa kuruka saa 25 au 40 za majaribio, na huo ndio wakati kasoro hujitokeza. Kama dhamana imekwisha, fundi atalipwa kutoka mfukoni mwa mwenye ndege.

Bidhaa inayozeeka ghalani

Hasara ya tatu ni kubwa kuliko hizo. Zamani dashibodi ilikuwa na mita sita za duara: ya mwendo, ya kimo, ya mlalo wa ndege, ya mwelekeo, ya kupinda na ya kupanda au kushuka. Mita hizo zilikaa sokoni kwa miongo mingi bila mabadiliko makubwa, na aliyeziweka kabatini miaka mitano hakupoteza sana. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kampuni kama Dynon ya jimbo la Washington zilianza kuuza skrini ndogo zinazokusanya habari hizo zote mahali pamoja.

Bei ilishuka kwa sababu moja kuu. Vifaa vya ndege za kiwandani hudai idhini ya serikali, ambayo ni safari ndefu na ya gharama. Ndege ya kujiundia haikudai idhini hiyo kwa skrini yake. Mnunuzi wa kifaa chenye idhini hulipia kioo na makaratasi pia. Mwaka 2016 mamlaka ya anga ya Marekani ilikubali skrini ya Dynon D10A itumike katika baadhi ya ndege za kiwandani za Cessna na Piper, na ushindani ukaongezeka. Kila ushindani unapoongezeka, aliyeweka akiba ya vifaa vya jana ndiye anayeumia.

Sheria nayo hubadilika. Kanuni iliyotolewa mwaka 2010 ilitaka ifikapo Januari 1, 2020 ndege zinazopita katika anga yenye shughuli nyingi ziwe na mfumo wa ADS-B, unaotangaza mahali ndege ilipo. Aliyenunua mapema chombo cha kuitikia rada kisicho na uwezo huo alilazimika kuingia tena dukani.

Kisichosubiri

Je, basi chumba cha rubani kiachwe hadi mwisho? Hapana. Mitambo inaweza kusubiri, lakini mpangilio hausubiri. Ushahidi mchungu ni wa Oktoba 12, 1997, pale mwimbaji John Denver alipoanguka na kufa katika ghuba ya Monterey, California. Ndege yake ilikuwa aina ya Long-EZ, iliyoundwa na mtu mwingine, naye alikuwa ameinunua muda mfupi tu kabla ya ajali. Wachunguzi walikuta kwamba aliyeiunda hakuiweka koki ya kubadilisha tangi la mafuta mahali pa mchoro, bali nyuma ya bega la kushoto la rubani. Mita za mafuta nazo zilikuwa nyuma ya kiti chake. Ili kuifikia koki, rubani alilazimika kugeuka, na kwa kugeuka mguu wake ungeweza kukanyaga pedali ya usukani bila kukusudia. Hakuna skrini ya bei yoyote ambayo ingesahihisha kosa hilo.

Kupanga vizuri ni kazi isiyohitaji fedha nyingi. Waundaji makini hukata dashibodi ya boksi, huketi kwenye kiti, hufunga mikanda, kisha hunyoosha mkono kugusa kila swichi, koki na fyuzi. Kisichofikiwa huku mikanda imefungwa huhamishwa. Hapo kosa hugharimu kipande cha boksi. Likigunduliwa baada ya bati kukatwa, hugharimu dashibodi nzima.

Hali kadhalika, vitu vinavyopita ndani ya mabawa na bodi viwekwe kabla mabati hayajafungwa: mabomba ya kupitishia waya, mirija ya mita ya mwendo, vishikio vya mtambo wa kujiendesha, na nafasi ya kihisio cha dira mbali na chuma na nyaya zenye umeme mwingi. Waya wa ardhi urudi kwenye kituo kimoja. Kwa kuwa skrini hufa umeme ukikatika, ndege inayozitegemea iwe na betri ya akiba. Mambo haya ni rahisi mapema na ghali baadaye. Mitambo yenyewe ni kinyume chake.

Amana si bidhaa

Jambo la mwisho ni malipo ya awali. Baada ya janga la korona, maagizo yaliongezeka sana katika soko hili. Van's Aircraft ilikumbwa na gharama kubwa pamoja na tatizo la vipande vilivyokatwa kwa leza, ambavyo baadhi ya matundu yake yalionekana kuanza nyufa. Desemba 4, 2023 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Wateja waliokwisha kulipa amana kwa bei ya zamani walitakiwa kukubali bei mpya, iliyopanda kwa karibu theluthi moja, au kusimama katika foleni ya wadai. Mwaka 2024 mahakama ilipitisha mpango wake wa kujikwamua na kazi ikaendelea. Lakini somo limebaki: aliyelipa amana amemkopesha muuzaji, tena bila rehani.

Mwenye kuunda ndege na afuate njia ya duka lolote linaloendeshwa vizuri. Rafu zipangwe kwanza, bidhaa inayochakaa haraka iingie mwisho, na fedha itoke wakati kitu kinahitajika. Injini ikishafungwa mahali pake, ndipo aende kununua skrini. Huenda ile aliyoitamani miaka mitatu nyuma akaikuta imeshuka bei, au imepata mrithi aliye bora kuliko yenyewe.