Jeni ya Kasi Haimtambui Bingwa

Mzazi anasugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mtoto, anakitia kwenye bahasha na kukituma maabara. Wiki chache baadaye anapata majibu: mwanawe anafaa mbio fupi, au afadhali apelekwe kwenye mbio ndefu. Kampuni ya Atlas Sports Genetics ya Boulder, Colorado, Marekani, ilianza kuuza kipimo hicho mwaka 2008 kwa dola 149.

Jeni inayopimwa ni ACTN3. Kazi yake ni kuuelekeza mwili utengeneze protini fulani katika nyuzi za misuli zinazojikaza upesi, zile zinazomsaidia mkimbiaji kuchomoka mstarini. Kila mtu hurithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Zikiwa zote na hitilafu, protini hiyo haipatikani kabisa, lakini ukosefu huo haumletei mtu ugonjwa wowote. Watu wa aina hiyo wanakadiriwa kuzidi bilioni moja duniani.

Mwaka 2003 watafiti wa Australia, akiwemo Profesa Kathryn North, waligundua kwamba asilimia 18 ya watu wa kawaida waliowapima hawakuwa na protini hiyo. Kwa wanariadha wa mbio fupi na michezo ya nguvu, wasio nayo walikuwa asilimia 6 tu. Hapo ndipo wafanyabiashara walipopata cha kuuza.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Asilimia 82 ya watu wa kawaida walikuwa na protini hiyo, na hilo halikuwafanya kuwa mabingwa. Tena kuna mruka chini wa Hispania aliyeshiriki Olimpiki na kufikia mita 8.26 ilhali nakala zake zote mbili zina hitilafu.

Afrika ndiyo iliyoiumbua zaidi biashara hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba karibu Wakenya wote, wakimbiaji na wasio wakimbiaji, wana angalau nakala moja nzima ya jeni hiyo ya kasi. Kwa kipimo cha Boulder, watoto wengi wa miji ya Iten na Eldoret wangeshauriwa kuachana na mbio ndefu, zilezile zilizoipa Kenya medali nyingi! Huko Jamaika nako, wakimbiaji wa mbio fupi hawakutofautiana na majirani zao kwa jeni hii.

Kipimo cha jeni kina manufaa yake mahali pengine: kulinda uhai. Mchezaji soka Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon mwaka 2003 na kufariki. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi. Ugonjwa huo mara nyingi hurithiwa, hivyo jeni yenye kasoro ikishajulikana katika familia, ndugu wanaweza kupimwa mapema. Hata hapo pana utata. Mwaka 2005 klabu ya kikapu ya Chicago Bulls ilimtaka mchezaji wake Eddy Curry apimwe jeni za ugonjwa huo. Alikataa, akahamishiwa New York Knicks.

Kuhusu kusaka vipaji, mwaka 2015 jopo la wataalamu wa kimataifa lilitoa msimamo ambao kila mzazi na kocha anapaswa kuushika: mtoto au mwanariadha chipukizi asipimwe jeni kwa lengo la kusaka kipaji wala kupangiwa mazoezi.