Kihamba Kimoja, Watoto Watatu

Ndugu mkulima, leo tupande Kilimanjaro kidogo. Mwaka 1984 wataalamu Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe walichapisha utafiti juu ya vihamba vya Wachagga. Wastani wa kihamba waliukuta kama eka 1.7 tu. Juu miti ya kivuli, chini yake migomba, kisha kahawa, halafu magimbi. Samadi ya zizini hurudishwa kwenye migomba, ndiyo maana udongo umelimwa vizazi na vizazi bila kuchoka.

Sasa shida iko wapi? Iko kwenye urithi, bwana! Eka hizo ukizigawa kwa watoto watatu, kila mmoja anapata nusu eka na kidogo. Akibanwa, anakata mti wa kivuli auze mbao, na kahawa inaungua jua.

Basi mzee, usingoje kuugua ndipo uwaite watoto. Waite mapema, mabinti pia. Shamba libaki moja, mmoja alisimamie, wengine wapate fungu la mavuno. Na kijana anayekuchumia kahawa mpe chake msimu huu huu. Akichuma miaka kumi bure, atakwenda Arusha kuuza viatu, na nani atamlaumu?