Hisa za Thabeet: soko la hisa la ligi ya kompyuta linavyofanya kazi

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Jana jioni hisa moja ya Hasheem Thabeet ilikuwa inauzwa shilingi 60. Usikimbilie benki. Shilingi zenyewe ni za kwenye daftari, na Thabeet mwenyewe ni yule anayecheza ndani ya kompyuta tu. Lakini watu sita tulikaa mpaka saa tatu usiku tunabishana kama 60 ni ghali au ni bei ya kutupa, na kuna mmoja aliondoka bila kuaga. Kila nikisimulia kijiweni naulizwa hili dude linachezwaje, na mnapata faida gani. Basi ngoja niandike moja kwa moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Kwanza ligi. Kuna mchezo wa bure unaitwa Basketball GM, aliutengeneza jamaa mmoja Mmarekani, Jeremy Scheff. Hauhitaji kompyuta ya maana, unafunguka kwenye kivinjari kama ukurasa wowote, ndiyo maana unafaa sana sisi wa kafe. Humo hushiki mpira wala hukimbii. Unapewa timu 30, kila mchezaji ana alama za uwezo wa leo na alama za anachotarajiwa kufikia, halafu unabonyeza kitufe, kompyuta inacheza mechi zenyewe. Siku moja, wiki, mwezi, hata msimu mzima wa mechi 82 kwa kila timu unaisha kabla hujamaliza soda. Ukimaliza unaletewa takwimu zote: nani kafunga ngapi, nani kadaka ribaundi ngapi.

Msimu ukiisha kompyuta inabadilisha uwezo wa kila mchezaji. Vijana kwa kawaida wanapanda, wazee wanashuka, lakini ndani yake kuna bahati nasibu. Kijana wa miaka 20 anaweza kuruka juu kama mshale, mwenzake wa umri uleule akabaki palepale mpaka anastaafu. Tena hata zile alama unazoonyeshwa za chipukizi siyo za kweli kabisa, mchezo unaweka ukungu makusudi, kama vile skauti wako hajamwona vizuri. Hapo ndipo soko linapopata chakula chake. Kama kila mtu angejua kesho itakuwaje, nani angemuuzia nani?

Sasa soko. Hili siyo sehemu ya mchezo wenyewe, tumelipachika sisi juu yake kwa daftari la kaunta na kalamu mbili. Tulianza watu sita, kila mmoja na shilingi 5,000 za kufikirika. Wachezaji 40 waliingizwa sokoni, kila mmoja ana hisa 10 tu. Ukitaka kuuza unatangaza bei yako, anayetaka anatoa, katibu anaandika. Hakuna mwingine anayepanga bei. Kwa hiyo bei ya hisa ni kile ambacho mshikaji mmoja yuko tayari kutoa jioni hiyo, basi, na mara nyingi haihusiani kabisa na alichofunga mchezaji.

Mwezi wa kwanza tulikosea vibaya. Hatukuweka gawio. Watu walinunua kwa sababu wanaamini bei itapanda, na bei ilipanda kwa sababu watu walinunua. Mchezaji mmoja wa benchi kabisa alifika shilingi 200 kisa ana jina la kuchekesha. Kununua kitu kwa sababu tu unategemea atatokea mwingine akununulie ghali zaidi, hiyo unaijua inaitwaje, na wengi wetu tuna shangazi aliyelia kwa ajili yake.

Dawa yake ni kuifunga hisa kwenye kitu kinachopimika. Wenzetu Marekani walishalifikiria. Tangu mwaka 1996 kuna mchezo wa mtandaoni unaitwa Hollywood Stock Exchange, watu wananunua hisa za sinema kwa dola za bandia. Kule filamu ikishaachiwa kwenye majumba mengi, hisa yake inamalizwa kwa mapato ya wiki nne za mwanzo, dola moja ya bandia kwa kila dola milioni moja ya kweli iliyoingia mlangoni. Kwa hiyo hata watu wapige kelele vipi, kuna siku hesabu inafika.

Sisi tukachukua hesabu ambayo NBA wenyewe wanaitumia kupima mchezaji. Unajumlisha pointi, ribaundi, asisti, mipira aliyoiba na mitupo aliyozuia, halafu unatoa mitupo aliyokosa, mitupo huru aliyokosa na mipira aliyopoteza. Chukua mchezaji mwenye wastani wa pointi 20, ribaundi 8, asisti 4, kuiba 1, kuzuia 1: jumla 34. Amekosa mitupo 9, huru 1, kapoteza mipira 3: toa 13. Anabaki na 21. Tukakubaliana kila mwezi wa ligi hisa moja inalipa gawio la namba hiyo gawanya kwa kumi, yaani shilingi 2 na senti 10. Msimu una kama miezi sita, kwa hiyo mwaka unaingiza shilingi 12 na senti 60. Mchezaji akistaafu hisa inakufa, inakuwa sifuri.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndiyo nyama yenyewe. Msimu wa kwanza kulikuwa na wachezaji wawili wenye namba hiyohiyo, 21. Mmoja ana miaka 22, mwingine 33. Hisa zao zote ziliuzwa 80, maana kila mtu aliangalia ukurasa wa takwimu na takwimu zilikuwa sawa. Piga hesabu. Yule kijana akicheza hivyo misimu kumi, hisa yake italipa shilingi 126. Mzee akicheza miwili ni 25, na huo wa pili tayari anachechemea. Mimi nilinunua mzee. Hisa tatu! Shilingi 240 nikarudishiwa kama 70, na jamaa akastaafu mbele ya macho yangu, jina likapotea kwenye orodha kama mpangaji aliyehama usiku.

Hisa za kweli nazo zina ugonjwa huohuo wa kuchanganya bei na thamani. Mwaka 2008 Wakenya walipanga foleni kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za kwao. Mwaka 2009 zikawa chini ya 3, na kuna watu waliuza kwa hasira. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita 40. Aliyenunua siku moja na wewe, kwa bei moja na wewe, anaweza kuwa ameondoka na hadithi tofauti kabisa, inategemea aliuza lini na alikuwa anatazama nini.

Kuna tatizo la pili ambalo hatukuliona mapema. Gawio linatoka wapi? Kwetu linatoka hewani, katibu anaandika tu. Hisa 400, kila moja inalipa wastani wa shilingi 7 kwa msimu, hizo ni shilingi 2,800 mpya kila mwaka wa ligi. Baada ya misimu mitatu pesa zilizokaa mikononi zilikuwa zimeongezeka, wachezaji ni walewale, na bei zote zikapanda bila yeyote kuwa bora. Sasa hivi kila mauziano yanakatwa asilimia 2 na hiyo pesa inafutwa, na kila mwaka tunauza hisa mpya za chipukizi ili zimeze pesa iliyozidi. Haijatibu kabisa lakini homa imeshuka.

Tatizo la tatu lilitaka kututoa roho.

Msimu wa nne tulikubaliana kuweka pesa ya kweli, buku mbili kila mtu, jumla elfu kumi na mbili, mwenye mali nyingi mwisho wa msimu anabeba. Mimi nilipinga kidogo, nikanyamaza. Faili la ligi lilikaa kwenye flashi ya mshikaji mmoja, simtaji, ni rafiki yangu mpaka leo. Yeye ndiye alikuwa anabonyeza kitufe. Alikuwa na hisa 7 kati ya 10 za kijana mmoja, na kijana huyo kila mwisho wa msimu alikuwa anaruka tu. Tukasema jamaa ana jicho.

Siku moja nikaazima flashi yake nikachapishe barua ya kuomba kazi. Kufungua, nakuta mafaili tisa ya ligi, tarehe moja, majina yanafanana, yamepewa namba 1 mpaka 9. Ilinichukua dakika kadhaa kuelewa. Alikuwa anahifadhi ligi kabla msimu haujaisha, anabonyeza kitufe, anaangalia kijana wake. Akishuka, anarudisha faili la zamani na kubonyeza tena. Kwa kuwa kompyuta inapiga kura upya kila mara, majibu yanabadilika. Yaani siyo kwamba alikuwa anaiona kesho. Alikuwa anaichagua.

Nilipomuuliza akasema, "Kaka, mbona ni mchezo tu?" Na wiki mbili kabla ni yeye aliyesema buku mbili ni ndogo, tuweke tano. Kila mtu alirudishiwa pesa yake. Yule aliyekuwa wa pili bado anadai angeshinda, na nadhani ana haki.

Ndipo nikaanza kusoma habari za wengine waliocheza kitu kama hiki kwa pesa ya kweli, nikaikuta Football Index ya Uingereza. Ilianza mwaka 2015. Watu walinunua "hisa" za wachezaji wa mpira wa miguu, mchezaji aking'ara unalipwa gawio. Ila kisheria hazikuwa hisa. Zilikuwa bashiri za miaka mitatu, na kampuni ilikuwa na leseni ya kamari. Kampuni hiyohiyo iliuza hisa mpya, ililipa gawio, na ndiyo iliyopanga gawio liwe kiasi gani. Mwanzoni mwa Machi 2021 ikatangaza kulipunguza vibaya sana. Bei zikaporomoka, ndani ya siku chache leseni ikasimamishwa, na watu wakabaki na pesa zimekwama. Kiasi kilichotajwa ni takriban pauni milioni 90. Ukiisoma hiyo stori unaona mtu mmoja kashika daftari na kitufe kwa pamoja, kama rafiki yangu, ila yeye ana ofisi na matangazo.

Kwa hiyo akija mtu kijiweni kwenu, au kwenye simu, na soko la hisa la wachezaji, achana na rangi za grafu. Muulize gawio linatoka mfuko gani, na nani anabonyeza kitufe. Akijibu majibu ya mzunguko, nenda kanywe chai.

Sisi tuliamua kuanza upya, bila pesa ya kweli, na safari hii na wachezaji halisi, maana mchezo unakuruhusu kuanzia msimu wa zamani unaoutaka. Tukachagua 2009, sababu mnaijua. Mwaka huo Thabeet, mtoto wa Dar, mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye drafti (siyo ile ya vizibo vya soda), Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Nyuma yake wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba Stephen Curry. Februari 2010 Memphis wakampeleka Dakota Wizards kwenye ligi ndogo, mwaka 2011 wakamuuza Houston, na mwaka 2014 alicheza mechi yake ya mwisho NBA akiwa Oklahoma City, wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Watu wanamcheka, mimi simcheki. Siku ile bei yake ilibeba urefu na matumaini ya watu wengi, na si yeye aliyeipanga.

Kwenye kompyuta hakuna anayejua. Nimejaribu ligi hiyo mara kadhaa peke yangu nyumbani: safari moja alikaa benchi, safari nyingine akawa mlinzi wa goli anayeogopwa ligi nzima mpaka miaka 35. Ndiyo maana tulikuwa tunagombana jana.

Ushauri mmoja wa kafe kabla sijakatiwa muda: ligi inakaa ndani ya kivinjari cha mashine uliyotumia, haikufuati kwenye akaunti yako. Wakisafisha mashine usiku, imekwenda. Sisi tulishapoteza misimu miwili hivyo. Kila ukimaliza ihamishe faili kwenye flashi, na nakala wape wawili wengine, siyo mmoja. Kitufe sasa kinabonyezwa Jumamosi, wote tukiwa tumesimama nyuma ya kiti.

Nimeweka oda ya hisa mbili za Thabeet kwa 55. Mwenye nazo hataki kushuka chini ya 60.