Mguu wa Cherehani na Jinsi ya Kuuchagua

Leo twataka kueleza habari ya kitu kidogo, kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, lakini kikikosewa huharibu kazi ya kutwa nzima. Kitu hicho ni mguu wa cherehani, yaani kile chuma chenye ncha mbili kinachoshushwa juu ya nguo ili kuibana wakati sindano inaposhona.

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hilo ni la kweli shambani, lakini katika kazi ya ushonaji twaona yafaa kuligeuza. Fundi asiyechagua mguu si fundi. Mama aliyeuza kuku wake ili anunue kitambaa cha sare ya mwanawe hana kitambaa kingine nyumbani. Kikitafunwa na cherehani hakirudi tena dukani, na matundu ya sindano katika ngozi au katika hariri hayafutiki hata mshono ukifumuliwa. Kwa hiyo kuchagua mguu ni kulinda mali ya mtu na jina jema la fundi.

Kwanza tutazame kazi ya mguu wenyewe. Chini ya nguo mna meno madogo yanayochomoza katika bamba la chuma. Meno hayo hupanda, huisukuma nguo nyuma, hushuka, kisha hurudi mbele kuanza upya. Lakini meno peke yake hayawezi kitu. Weka kitambaa juu ya kiganja chako cha kushoto, ukakisogeze mkono huo bila kukibana: kitateleza. Sasa kibane kwa kiganja cha kulia, nacho kitafuata mikono yote miwili. Basi meno ndiyo kiganja cha chini, na mguu ndio kiganja cha juu. Tena, sindano inapopanda hutaka kuinuka pamoja na nguo. Mguu huizuia nguo ibaki chini, ili uzi ufanye kitanzi chake na kunaswa na uzi wa chini. Nguo ikiinuka, mshono huruka.

Jambo hili halikugunduliwa kwa siku moja. Elias Howe wa Marekani alipopewa hati ya cherehani yake mwaka 1846, nguo ilitundikwa kwenye vipini vya ukanda wa chuma. Ukanda ulipofika mwisho, kazi ilisimama na nguo ikatundikwa upya. Mwaka 1851 Isaac Singer alipata hati ya cherehani ambayo nguo yake ililala mezani, nayo ilibanwa kwa mguu wenye springi. Kisha mwaka 1854 Allen Wilson akapata hati ya yale meno yenye mwendo wa namna nne tulioueleza. Mguu wa springi na meno hayo vilipokutana, fundi aliweza kushona mshono mrefu apendavyo, na kuupinda kona kwa kuinua mguu tu.

Basi, mtu atakaye kuchagua mguu na ajiulize maswali matatu, wala asiyapindue mpango wake: cherehani yangu ni ya namna gani? Mshono wangu ni upi? Kitambaa changu ni kipi?

Swali la kwanza lahusu kimo. Mguu hufungwa kwa skurubu katika kifito cha chuma kinachoshuka kando ya sindano. Shusha mguu pasipo nguo, ukapime toka bambani mpaka katikati ya skurubu hiyo. Ukipata kadiri ya nusu inchi, cherehani yako yataka mguu mfupi. Ukipata kadiri ya inchi moja, yataka mguu mrefu, kama zilivyo cherehani nyingi za viwandani. Mguu mfupi ukifungwa pasipo pake hauifikii nguo. Na mguu mrefu hauenei penye kimo kifupi. Cherehani nyeusi za Singer za aina ya 15K, ambazo herufi yake K huonyesha kuwa zilitengenezwa Kilbowie huko Scotland, hutumia mguu mfupi. Na vivyo hivyo Butterfly za Shanghai zilizoundwa kwa mfano huo. Lakini ziko cherehani ambazo sindano yake imeinama, na nyingine kongwe ambazo mguu wake hufungwa kwa nyuma. Hizo zina miguu yake mbali. Kwa hiyo mtu aendapo dukani asitegemee jina la cherehani peke yake. Na achukue mguu wa zamani mfukoni, aulinganishe na mpya kabla ya kutoa fedha.

Swali la pili lahusu tundu. Mguu wa mshono ulionyooka una nafasi nyembamba ya sindano, nao huishika nguo karibu sana na mahali inapotobolewa. Ndio ulio bora kwa mishono ya kawaida ya mashati, magauni na suruali. Mguu wa zigizaga una nafasi pana, kwa sababu sindano huenda kulia na kushoto. Hapa pana hatari. Mtu akifunga mguu wa tundu jembamba, kisha akaiamuru cherehani ishone zigizaga, sindano itapiga chuma na kuvunjika, na kipande chake chaweza kuruka mpaka jichoni. Kinyume chake hakina hatari, ila kina hasara: ukishona mshono ulionyooka kwa mguu na bamba lenye nafasi pana, kitambaa chepesi kama melimeli husukumwa na sindano ndani ya tundu, kikakunjamana.

Kwa kutia zipu hutumiwa mguu wenye ncha moja tu. Mguu wa ncha mbili hupanda juu ya meno ya zipu, ukainama upande, na mshono ukaenda mbali au ukapotoka. Huu wa ncha moja husimama kando ya zipu, na sindano hushona karibu na meno pasipo kuyagusa. Zipu ikiwa upande wa kulia, mguu ukae kushoto. Na ukimaliza upande mmoja, uuhamishe kwa upande wa pili. Mguu huohuo hufaa pia kushonea kigwe katika ukingo wa mto au wa kiti.

Kwa kukunga pindo jembamba uko mguu wenye kikunjo mbele yake, kama gamba la konokono. Ukingo wa kitambaa huingia humo, hujikunja mara mbili, kisha hushonwa. Mguu huu huokoa muda mwingi kwa mtu mwenye leso au mitandio mingi ya kukunga. Lakini ni wa vitambaa vyepesi tu. Kaki haiingii katika kikunjo chake, na hata kitambaa chepesi hukwama penye mshono mnene. Kwa nguo nzito afadhali ukunje kwa mkono, upige pasi, kisha ushone kwa mguu wa kawaida.

Swali la tatu lahusu kitambaa. Ngozi na plastiki hunata chini ya chuma, hata meno yakisukuma. Kwa vitu hivyo uko mguu wa magurudumu madogo, na uko wenye unyayo mlaini usionata. Asiye nao na aweke karatasi nyembamba juu ya kitambaa, ashone juu yake, kisha aichane pole pole. Nguo za mapande mengi, kama blanketi lililotiwa bitana, zina shida nyingine: meno husukuma pande la chini, na la juu hubaki nyuma, hata mwisho wa mshono mapande hayalingani. Kwa kazi hiyo uko mguu wenye meno yake, usukumao kwa juu, wenye mkono unaokaa kwenye skurubu ya sindano.

Lakini mtu asidhani kuwa bila miguu hiyo yote hawezi kazi. Kwa fundi wa kijiji ashonaye nguo za kawaida, mguu wa mshono ulionyooka na mguu wa zipu huweza kumtosha kwa muda mrefu. Hiyo mingine na ainunue kazi inapoitaka.

Tena kuna jambo la mkandamizo. Juu ya kichwa cha cherehani nyingi pana skurubu inayokaza springi ya mguu. Kitambaa chepesi chataka mkandamizo mdogo, na kizito chataka mkubwa. Ukiona alama za meno juu ya hariri, legeza. Ukiona turubali haiendi, kaza. Usiivute kwa mkono, kwa maana kuvuta hupinda sindano. Na mguu unapopanda mshono mnene wa suruali, nyuma yake huning'inia. Tia chini ya nyuma yake kipande cha kadibodi kilichokunjwa kwa unene uleule, nao utakaa sawa.

Kabla ya kushona nguo ya mtu, fanya haya. Funga skurubu ya mguu barabara. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole, uangalie kama sindano yapita ndani ya nafasi bila kugusa chuma. Tazama kama unyayo umelala sawasawa juu ya meno. Kisha shona kidogo juu ya kipande kilichosalia cha kitambaa kilekile. Ukiona nyuzi zimejisokota kama kiota chini ya nguo, usilaumu mguu upesi. Angalia kwanza kama umeushusha, kwa sababu ukiinuliwa, uzi wa juu hulegea. Wala usiendeshe cherehani mguu ukiwa chini pasipo nguo, maana meno yatakwaruza unyayo wake, na unyayo uliokwaruzwa hunasa nyuzi za kitambaa.

Haya yote huchukua dakika chache tu, na kitambaa cha kujaribia hakizidi upana wa kiganja. Mwenye nguo hataziona dakika hizo, lakini ataiona nguo yake ikiwa na mshono ulionyooka, usioruka wala kukunjamana, naye ataileta nyingine.