Chembe sahani zinapotimia bila kufanya kazi

Mtoto anayetokwa na damu puani mara kwa mara kwa zaidi ya dakika 10, fizi zake zikivuja akipiga mswaki na damu kuvilia chini ya ngozi bila kuanguka wala kugongwa, huenda ana kasoro katika chembe sahani. Hizi ni chembe ndogo za damu ambazo, mshipa ukichanika, hunata kwenye jeraha kisha zikashikana hadi tundu likazibika. Kwa kawaida maikrolita moja ya damu huwa na chembe sahani 150,000 hadi 450,000.

Hesabu hiyo huwapotosha wengi. Mwaka 1918 Eduard Glanzmann, daktari wa watoto nchini Uswisi, alieleza ugonjwa ambao chembe sahani zimetimia kwa idadi ila hazifanyi kazi yake. Baadaye ilibainika kuwa protini inayozishikanisha imekosekana au ina hitilafu. Kwa hiyo majibu ya maabara husomeka vizuri, mzazi akaambiwa mtoto hana neno, na damu ikaendelea kutoka. Kinachohitajika ni kipimo cha utendaji wa chembe hizo, ambacho hospitali nyingi hazina.

Ugonjwa wa Glanzmann hurithiwa kwa baba na mama ambao wenyewe hawana dalili, na huonekana zaidi katika koo ambamo ndugu wa karibu huoana. Alama za mwilini zinaweza kumfanya dada wa kazi ashukiwe kumpiga mtoto. Kumhukumu kabla ya vipimo ni dhuluma.

Mara nyingi kasoro hujifichua meno ya utoto yanapong'oka, wakati wa jando, au binti anapovunja ungo: hedhi ya kwanza inaweza kumfikisha mahali pa kuongezewa damu.

Damu ya puani ikianza, mtoto aketi, ainamishe kichwa mbele na kubanwa sehemu laini ya pua kwa dakika 10 mfululizo. Kukiinua kichwa nyuma humfanya aimeze damu. Hospitalini hutumika asidi ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema, na ikibidi mgonjwa huongezewa chembe sahani.

Aspirini asipewe kabisa, maana huzilemaza chembe sahani kwa siku zote 7 hadi 10 za uhai wake. Ibuprofeni nayo iepukwe. Homa itulizwe kwa parasetamoli. Na mtoto mwenye dalili hizi asitahiriwe wala kung'olewa jino kabla daktari wa magonjwa ya damu hajamwona.