Zunguka soko kabla ya kupakia mzigo

Wahenga walisema tembea uone. Huko Ulaya usemi huo wameufanya mapumziko. Mtu anachukua gari, anazunguka nchi ndogo kama Slovenia kwa siku chache, analala njiani, anarudi nyumbani na picha. Slovenia yote ina kilomita za mraba 20,000 hivi, yaani inalingana na Mkoa wa Geita. Nao Mkoa wa Shinyanga, baada ya Geita na Simiyu kuwa mikoa mwaka 2012, umebaki na kilomita za mraba zisizofika 19,000. Kwa hiyo mkulima wa Kishapu au Kahama ana masoko yenye ukubwa wa nchi mbili ndogo mlangoni pake, ila wengi wetu tunayapita tukiwa tumesinzia ndani ya basi.

Hivi karibuni nilizunguka mikoa hiyo kwa gari dogo, siku tatu, bila mzigo wowote. Nilibeba daftari, kikokotoo na mizani ya kuning'iniza. Nilitaka kujibu swali ambalo wakulima huniuliza kila msimu: iweje tuishi jirani na dhahabu, halafu mpunga wetu tuuze kwa bei anayoitaja mwenye lori?

Kutoka Shinyanga hadi darajani

Niliondoka Shinyanga mjini alfajiri kwa barabara ya Mwanza. Kituo cha kwanza kilikuwa Maganzo, mji uliokua kando ya mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao Mkanada John Williamson aliuanzisha mwaka 1940. Nilimsalimia mama mmoja muuza nyanya, "mwangaluka mayu", nikamuuliza nyanya zake zimetoka wapi. Alinitajia mkoa mwingine kabisa. Hilo niliandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Mji wa machimbo hula kila siku, lakini wanaoulisha si lazima wawe majirani zake.

Nilipita Hungumalwa, Mabuki na Misungwi, nikakata kushoto Usagara kuelekea Kigongo. Hapo zamani safari ilisimama. Lori la matunda lilipanga foleni kusubiri kivuko, na kila saa ya kusubiri ilikuwa hasara kwa mwenye mzigo. Tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3, ziwa linavukwa kwa dakika chache. Kwa mkulima wa nanasi wa Geita au Sengerema, mzigo wake sasa unaweza kufika Mwanza ungali mbichi.

Hata hivyo, barabara hutoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Waliokuwa wakiuza samaki, mayai na maji kandokando ya vivuko, mteja wao alikuwa foleni. Foleni imekwisha. Mfanyabiashara mdogo asiyefuata mteja anakohamia atabaki na beseni lake kichwani.

Geita na Katoro: wateja wa aina mbili

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na soko la madini la Geita likafunguliwa mwaka 2019. Wengi wakisikia Geita hufikiria dhahabu tu. Mkulima afikirie matumbo ya wanaoichimba. Matumbo hayo yana wanunuzi wa aina mbili.

Wa kwanza ni jiko la mgodi mkubwa. Kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania katika madini zinaitaka migodi itoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za hapa nchini. Lakini mpishi wa mgodi hanunui kwa debe. Anataka mchele wa daraja lile lile kila wiki, risiti halali, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki. Mkulima mwenye magunia matatu hawezi kuyatimiza hayo. Kikundi kilichosajiliwa chenye ghala na mizani kinaweza.

Wa pili ni mchimbaji mdogo. Huyu analipa taslimu, ananunua kidogo kidogo na habishani sana. Tatizo ni kwamba hakai. Rashi ikitokea kwingine, maduara yanaachwa, mama lishe wanafunga majiko na mteja wako amehama usiku mmoja. Kwa soko hilo peleka mzigo mdogo mara nyingi, na usikopeshe.

Katoro niliitoa mizani yangu. Nilinunua sado tatu za mahindi kwa wauzaji watatu kwa bei moja, nikapima. Hakuna mbili zilizolingana uzito. Ndugu mkulima, kama sado tu inatofautiana, je, lumbesa unayopakiwa shambani inakula kilo ngapi zako? Ndiyo maana lumbesa imepigwa marufuku, na Wakala wa Vipimo wana kazi ya kuhakiki mizani.

Kahama yatufundisha

Kutoka Katoro nilipitia Bwanga hadi Runzewe, nikaingia barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, kisha Ushirombo, Masumbwe na Kahama.

Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009, na uzalishaji ukakoma mwaka 2021. Wauzaji waliokuwa wameegemea mgodi huo pekee walipoteza mteja. Mji haukufa, kwa sababu una mguu mwingine: mpunga, mashine za kukoboa na usafirishaji. Karibu yake iko Isaka, yenye bandari kavu na reli, na ujenzi wa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ulizinduliwa mwaka 2021. Dhahabu ina siku yake ya mwisho. Jaruba likitunzwa, watalirithi wajukuu.

Piga hesabu hii

Tuseme wakulima 10 wana magunia 10 ya mchele kila mmoja, gunia kilo 100. Jumla ni kilo 10,000. Bei ya soko la mbali inazidi ya nyumbani kwa shilingi 300 kwa kilo. Ziada ni shilingi milioni 3. Ondoa usafiri shilingi 100 kwa kilo, na shilingi 50 za ushuru, upakiaji na upungufu. Mnabaki na milioni 1.5, yaani shilingi 150,000 kwa kila mtu.

Lakini kama tofauti ya bei ni shilingi 120 tu, mtapata hasara ya shilingi 30 kwa kila kilo, jumla shilingi 300,000. Mkifanya hivyo mmemfanyia dereva biashara. Tofauti hiyo haijulikani kwa kubahatisha. Inajulikana kwa kwenda.

Ushauri wangu ni huu. Kikundi kichague watu wawili, mmoja awe mwanamke mwenye uzoefu wa kuuza. Kila mwanachama achangie nauli. Katika kila mji waulize mambo matano: bei kwa kilo, kipimo kinachotumika, nani ananunua, analipa lini, na mzigo wa washindani unatoka wapi. Waandike namba za simu za wanunuzi, maana bei ya leo itabadilika lakini simu itabaki. Wakumbuke pia kwamba kilo 100 za mpunga hutoa kati ya kilo 60 na 65 za mchele mashine ikiwa nzuri, hivyo bei ya mpunga na ya mchele zisichanganywe.

Nilirejea Shinyanga kupitia Tinde jioni ya siku ya tatu. Jirani yangu, anayelima mpunga, aliuliza nimemletea nini. Nilimpa daftari. Alilisoma akiwa amesimama, kisha akasema kwamba mwaka jana mchele wake aliuuza wote bila kutoka nje ya kitongoji.

Muda mzuri wa kwenda ni mpunga unapoanza kugeuka rangi. Ukishaingia kwenye lori la mtu mwingine, umechelewa.